Kompyuta Ndogo za Bei Nafuu: Je, Zinatutosha?

(Hotuba iliyotolewa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanachama. – Mhariri)



Najua kwamba baada ya hotuba kuna chakula, na najua kwamba harufu ya pilau imekwisha kufika hapa mbele. Kwa hiyo sikusudii kuwachosha. Nitasema yanayonihusu kama fundi, kisha nitakaa chini.

Kama mjuavyo, kamati yetu imekusanya michango kwa ajili ya chumba cha kompyuta cha shule. Chumba kipo, meza zipo, nondo za madirisha zipo. Kilichobaki ni mashine zenyewe, na hapo ndipo wanachama walipogawanyika. Upande mmoja unasema tununue makasha makubwa ya kusimama, yale ambayo watu wengi huyaita "sipiyu", kwa sababu ndiyo kompyuta za kweli na yanaweza kuongezwa nguvu baadaye. Upande wa pili unasema tununue zile ndogo za bei nafuu, kwa sababu fedha ni chache na watoto ni wengi. Mwenyekiti amenitaka nieleze, kwa kuwa nimefanya kazi ya kutengeneza kompyuta maofisini kwa zaidi ya miaka 30, kama hizi ndogo zina nguvu ya kutosha, na kama zinaweza kuongezwa siku za mbele.

Maswali hayo ni mawili, na yafaa yajibiwe mbalimbali. Wengi wetu tunayachanganya, ndiyo maana ubishi hauishi.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya kitu gani. Kompyuta ndogo ninayoisema ni kasha lenye upana wa sentimita 18 hivi kila upande, na unene wa sentimita tatu na nusu. Ukiliweka juu ya kaunta buku la darasani halizidi kwa mengi. Lenovo walianza kutoa zao zinazoitwa ThinkCentre Tiny mwaka 2012. Dell na HP wakafuata mwaka 2014 kwa OptiPlex Micro na EliteDesk Mini. Zilitengenezwa kwa ajili ya mabenki, mahospitali na maofisi makubwa. Maofisi hayo hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache hata kama bado ni nzima, nazo huuzwa kwa wingi, zikafika kwetu kama mitumba. Hilo ni kundi la kwanza. Kundi la pili ni mashine mpya za bei ya chini, ambazo nyingi zina prosesa ya Intel iitwayo N100, iliyotoka mwaka 2023. Kundi la tatu ni zile ndogo kabisa, kama Raspberry Pi, ambayo ilipotoka mwaka 2012 iliuzwa dola 35 na ukubwa wake ulikuwa kama kadi ya benki.

Sasa wazee wenzangu watakumbuka kwamba ubishi huu wa kasha dogo na kasha kubwa haukuanza leo. Nchini kwetu tulichelewa kuuingia, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na wengi wetu tulimaliza Kidato cha Sita bila kuiona hata moja. Lakini huko zilikotengenezwa mambo yalikuwa yamepamba moto. Kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na nafasi 8 za kuchomekea kadi za nyongeza. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na nafasi 5. Mwaka huohuo wa 1981, Uingereza ilitoa ZX81, kompyuta ndogo ya bei rahisi mno yenye kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu. Aliyetaka kuiongeza alinunua kipande cha kilobaiti 16 na kukichomeka kwa nyuma. Na kipande hicho kilikuwa kikilegea, hata mtu akitikisa meza kidogo kazi yake yote ilipotea. Kisha mwaka 1984 Apple wakatoa Macintosh, ambayo haikuwa na nafasi hata moja ya kadi, na mwenyewe hakutazamiwa kulifungua kasha lake.

Nayasema haya kwa sababu moja. Tujiulize: kwa nini IBM PC ilihitaji nafasi zile 5? Ni kwa sababu bodi yake kuu ilikuwa karibu tupu. Bila kadi hukuweza hata kuunganisha kioo. Kadi moja ilikuwa ya kioo, moja ya kuendesha diski, moja ya printa, moja ya kumbukumbu, na nafasi ikabaki moja tu. Baadaye watu walinunua kadi ya sauti na kadi ya mtandao. Leo hayo yote yamo ndani ya bodi tangu kiwandani: kioo, sauti, mtandao wa waya, na vitundu vya USB vya kuchomekea printa, kibodi, kamera na diski za nje. Kwa hiyo mtu anayesema, "Kompyuta isiyo na nafasi za kadi si kompyuta," anasema jambo lililokuwa kweli mwaka 1981. Nafasi nyingi zilizokuwa lazima wakati ule, leo katika makasha makubwa hukaa tupu mpaka mashine inapotupwa. Nimefungua makasha mengi ya namna hiyo, na nilichokikuta ndani ya nafasi zile ni vumbi na nyumba za buibui.

Basi nije kwenye swali la kwanza, la nguvu.

Nguvu ya kompyuta haipimwi kwa ukubwa wa kasha, bali kwa kazi utakayoipa. Nimemwuliza mwalimu wa kompyuta kazi anazotaka kuwafundisha vijana. Amenitajia kuandika barua na ripoti, kufanya hesabu kwenye majedwali, kutafuta maarifa kwenye intaneti, kuchora grafu za hisabati, na kuanza kuandika programu kwa lugha ya Python. Katika hizo zote hakuna hata moja inayoishinda mashine ndogo nzuri ya leo.

Nitoe mfano wa kipimo. Prosesa iitwayo Core i5-8500T, iliyotoka mwaka 2018, hukutwa katika kompyuta ndogo nyingi za mtumba. Ndugu yake, i5-8500 isiyo na herufi T, hukutwa katika makasha makubwa ya mwaka uleule. Zote mbili zina viini 6. Ile ya kasha kubwa imepimwa kwa wati 65, na kasi yake ya juu ni gigahezi 4.1. Ile yenye T imepimwa kwa wati 35, na kasi yake ya juu ni gigahezi 3.5. Maana yake ni kwamba katika kasi ya juu ile ndogo imepungukiwa kwa sehemu 1 kati ya 7 hivi. Katika kazi nzito ya muda mrefu tofauti huongezeka, kwa sababu kasha dogo huzuia joto lisipande kwa kupunguza mwendo. Lakini mtoto anayeandika insha hawezi kuiona tofauti hiyo. Hata mwalimu wake hawezi. Na ile N100 niliyoitaja, ambayo imepimwa kwa wati 6 tu, inakaribia uwezo wa prosesa za i5 za wati 35 za mwaka 2015. Kwa kazi alizozitaja mwalimu, hiyo nayo inatosha.

Kinachoifanya kompyuta ya shule ikokote miguu mara nyingi si prosesa. Ni mambo mawili mengine. La kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM. Gigabaiti 4 leo ni shida tupu. Ukifungua kurasa chache za intaneti mashine inaanza kugugumia. Gigabaiti 8 ndicho kiwango cha chini nitakachokikubali kwa shule yetu. Kwa wale wapendao hesabu, hiyo ni zaidi ya mara milioni 8 ya ile ZX81. La pili ni diski. Diski ya zamani, ile inayozunguka kama santuri, huifanya mashine nzuri ionekane mbovu. Ukiitoa na kuweka diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, kompyuta ileile iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kabla hujamaliza kufuta miwani. Mnunuzi akiniuliza aweke wapi fedha yake ya ziada, nitamwambia aiweke kwenye RAM na SSD kabla ya kufikiria prosesa kubwa zaidi.

Lakini haki nayo isemwe. Zipo kazi ambazo kompyuta hizi haziziwezi, au huziweza kwa taabu. Kukata na kuunga filamu za picha kali ni kazi mojawapo. Michoro mikubwa ya majengo na ya mashine kwa sura tatu ni nyingine. Kufundisha mitambo ya akili bandia papo hapo kwenye mashine yenyewe ni ya tatu. Kazi hizo zinahitaji kadi kubwa ya michoro, na kadi hiyo inahitaji nafasi, hewa na umeme ambao kasha dogo halina. Na vijana, hata ile michezo mnayoifikiria hivi sasa imo katika orodha hiyo. Sioni sababu ya kusikitika.

Sasa swali la pili, la kuongeza. Hapa naomba wale wa upande wa kompyuta ndogo wanisikilize vizuri, maana ndipo kwenye hatari.

Mashine hizi ndogo, kwa sura, zinafanana kama mapacha. Lakini ndani zimegawanyika makundi mawili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya kasha dogo na kasha kubwa. Kundi moja hufunguka. Unalegeza skrubu moja au mbili, unasukuma kifuniko, na ndani unakuta nafasi mbili za RAM za aina ileile inayotumika kwenye laptopu, na mahali pa diski ambayo unaweza kuitoa na kuweka nyingine. Kundi la pili lina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na wakati mwingine diski nayo imechomelewa. Ulivyoinunua ndivyo itakavyokufa. Raspberry Pi ni hivyo kwa upande wa RAM. Mac mini zilizotoka tangu mwaka 2020 ni hivyo pia, ingawa ni mashine zenye nguvu sana. Na miongoni mwa zile mpya zenye N100 zimo za namna zote mbili: baadhi zina nafasi moja ya RAM, baadhi hazina kabisa.

Niliwahi kuitwa katika shule moja iliyokuwa imepata msaada wa kompyuta ndogo mpya kabisa, zikiwa bado na nailoni zake. Zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 32, vyote vimechomelewa. Baada ya mwaka mmoja na kitu, marekebisho ya programu yalikuwa yamejaza diski yote, na mashine hazikuweza tena hata kuhifadhi kazi ya mwanafunzi. Mwalimu aliniuliza, "Fundi, tuziongeze nini?" Sikuwa na cha kuongeza. Zilikuwa hazijaharibika hata moja, lakini zote zilikuwa zimefika mwisho wa safari. Katika shule hiyohiyo, kwenye ofisi ya mhasibu, kulikuwa na kompyuta ndogo ya mtumba iliyokuwa kongwe kuliko zile. Tuliifungua kwa bisibisi, tukaongeza RAM, tukabadili diski, nayo ikaendelea na kazi. Ving'aavyo vyote si dhahabu.

Kwa hiyo jibu langu la swali la pili ni hili. Kompyuta ndogo inayofunguka huongezeka kwa yale mambo mawili ambayo shule itayahitaji kweli, yaani RAM na diski. Haiongezeki kwa jambo la tatu, yaani kadi kubwa ya michoro. Zipo chache za pekee, kama ThinkCentre M720q na M920q, ambazo kwa kuongeza kipande cha kuunganishia huweza kupokea kadi fupi, kwa mfano ya mtandao. Lakini hizo tusizihesabu kama kanuni. Prosesa nayo katika nyingi ya hizi za maofisini inaweza kubadilishwa, ingawa faida yake ni ndogo na mimi sishauri. Na kompyuta ndogo isiyofunguka, hata ikiwa ya bei ya chini namna gani, tusiinunue kwa chumba hiki. Kwa ofisi ya mtu mmoja huenda ikafaa. Kwa shule itakayoitumia miaka 7 au 8, haifai.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini wahenga haohao hawakutukataza kutazama kama jembe lina mpini. Kwa hiyo nimeiandikia kamati mambo ya kukagua kabla fedha haijatoka mkononi, na nitayataja kwa ufupi ili nanyi mfaidike mnaponunua vya kwenu.

Moja, kifuniko kifunguliwe mbele yetu, tuone kama RAM na diski vinatoka.

Mbili, prosesa iwe ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au iliyo sawa nayo. Sababu ni kwamba Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi mashine za Intel zilizo chini ya kizazi hicho. Ndiyo maana za kizazi cha 6 na cha 7 zimeshuka bei sana. Mwuzaji hatakwambia hivyo; atakwambia amekufanyia hisani. Hata hivyo, kama shule itakubali kutumia Linux, ambayo ni ya bure, hizo za zamani zinaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Uamuzi huo ni wa walimu, kwa sababu ndio watakaofundisha.

Tatu, mashine iwashwe na ihakikishwe kuwa haina neno la siri lililoachwa na ofisi ya zamani. Neno hilo likiwa limewekwa ndani ya bodi, kulifuta kunaweza kuwa kazi ya fundi wa siku nzima, au isiwezekane kabisa.

Nne, diski ipimwe. Diski nyingi huweka hesabu ya saa zilizotumika, na programu ya bure inaweza kuisoma. Hali kadhalika betri ndogo ya bodi, ile ya mviringo kama sarafu, ibadilishwe. Ikifa, kompyuta husahau tarehe na vijana watadhani wako mwaka mwingine.

Tano, adapta ya umeme iwe ya asili yake, na tununue chache za akiba. Hizi ndogo hazina kifaa cha umeme ndani ya kasha. Zinatumia adapta kama laptopu, na adapta za Dell, HP na Lenovo hazifai kubadilishanwa. Ndiyo sababu nashauri tusichanganye aina. Mashine zikiwa za aina moja, iliyokufa itawapa viungo zilizo hai.

Nimetaja umeme, na jambo hilo halina budi kusemwa zaidi, kwani kila mmoja wetu aliyesoma hapa anakumbuka kusoma kwa karabai au chemli. Adapta ya kompyuta ndogo za aina hii aghalabu ni ya wati 65. Hicho ni kikomo. Mwanafunzi anapoandika tu, mashine hutumia chini ya nusu yake. Kasha kubwa la ofisini kwa kawaida lina kifaa cha umeme cha wati 200 hadi 300. Hicho nacho ni kikomo tu, lakini anayenunua betri na paneli za jua hulazimika kukifikiria. Tufanye hesabu. Kompyuta ndogo 20 zenye adapta za wati 65, pamoja na vioo 20 vya wati 20 kila kimoja, hazitazidi wati 1,700 kwa vyovyote, na siku za kawaida zitakuwa chini sana ya hapo. Mzigo huo unabebeka kwa mtambo wa jua wa kiasi. Umeme ukikatika katikati ya mtihani wa vitendo, ndipo mtakapoishukuru hesabu hii.

Udogo nao una adha zake. Kitu kinachoingia kwenye mkoba hutoka kwenye mkoba. Nyingi ya mashine hizi zina tundu la kufuli nyuma. Tulitumie, au tuzifunge kwa skrubu nyuma ya kioo, ambako zimetengenezewa mahali pake. Feni yake ni ndogo, na vumbi letu la Agosti halina huruma. Kila muhula zifunguliwe na kupulizwa kwa bloa. Kazi hiyo nashauri wapewe wanafunzi wenyewe, chini ya uangalizi wa mwalimu. Kijana aliyewahi kuona kwa macho yake RAM ni ipi na diski ni ipi, hatadanganywa dukani maisha yake yote.

Sasa nifikie ushauri wenyewe, Ndugu Mwenyekiti, ili upande mmoja usiondoke ukisema fundi ameegemea upande wa pili.

Darasa la Kidato cha Kwanza lina wanafunzi zaidi ya 40. Tukinunua makasha makubwa mapya, fedha tuliyonayo itatupa mashine chache, na kila moja itazungukwa na watoto wanne au watano. Mmoja atashika kibodi. Waliobaki watatazama. Na ninyi mnajua ni nani atakayeshika kibodi: ni yule aliyekwisha kuiona kompyuta nyumbani kwao. Yule aliyetoka kijijini, ambaye kwa ajili yake ndiyo tumechanga, atamaliza miaka minne akiwa amesimama nyuma ya bega la mwenzake. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko gigahezi zote nilizozitaja. Nguvu inayopungua katika chumba chetu ni viti vya kukalia mbele ya kioo. Kasha dogo linatupa viti vingi zaidi kwa fedha ileile.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kama nafasi ni 20, basi 18 ziwe kompyuta ndogo za mtumba zinazofunguka, za aina moja, kizazi cha 8 au zaidi, zenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Mbili zilizobaki ziwe makasha makubwa, yenye nafasi ya kadi, kwa ajili ya vijana wanaotaka kujifunza michoro mikubwa na filamu, na kwa ajili ya kuhifadhi maktaba ya shule. Vitabu, masomo na hata Wikipedia nzima ya Kiswahili vinaweza kuwekwa humo kwa kutumia programu ya bure ya Kiwix, vikasomwa kwenye mashine zote hata siku ambayo hakuna intaneti. Kwa mpango huo ndugu zangu wa makasha makubwa wamepata haki yao, maana wana hoja ya kweli, ila hoja hiyo inatoshelezwa na mashine mbili.

Na jambo la mwisho kwa kamati: tusitumie fedha yote siku moja. Tuweke fungu kando la RAM, diski, adapta na betri za miaka mitatu ijayo. Ukongwe wa kompyuta huanza siku ile inapokosa kipuri cha bei ndogo na hakuna mwenye fungu la kukinunua. Haba na haba hujaza kibaba; kila mwanachama akileta adapta moja au kipande kimoja cha RAM anapokuja mkutano wa mwaka, kabati la vipuri halitakauka.

Vijana, kwenu nina neno fupi. Mtasikia watu wakizicheka mashine hizi kwa udogo wake na utumba wake. Waacheni wacheke. Ninyi kaeni mbele yake, andikeni programu yenu ya kwanza, mkosee, mrudie. Siku mtakapoona kazi yenu imezidi uwezo wa mashine ndogo, zile kubwa mbili zitakuwa palepale ukutani, na mtakuwa mmestahili kuzikalia.

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kura itapigwa alasiri. Orodha ya mambo ya kukagua nimeiacha mezani kwa katibu, na bisibisi yangu iko mfukoni kwa ye yote atakayetaka kuongozana nami dukani. Sasa nadhani wapishi wanatungoja.